Mlango wa Ghala la Bi Mwanamkisi

Jiko la nyumba ya Bi Mwanamkisi lilikuwa juu darini, chini ya paa la makuti, kama majiko mengi ya Amu, mji wa Lamu, wakati huo. Nyumba ilikuwa ya mawe, aliirithi kwa babake. Lakini aliyepanda ngazi kwenda kupika, kuni kichwani na maji mkononi, ni wifi yake Swafiya, mjane kutoka kijiji cha Chundwa aliyekuja kuishi naye baada ya waume zao wote wawili kutangulia mbele ya haki. Akimaliza kupika, Swafiya hukaa akasuka ukili. Mikeka yake ilikuwa na nakshi ambazo mwenyewe hakuzipima wala kuzihesabu, vidole vilizijua. Watu walitoka Shela kuja kuiagiza.

Mwaka wa hamsini na nne kusi ilivuma kwa mvua kubwa ikaling'oa paa la jiko. Mwanamkisi alimwita fundi Obeid amtafutie chumba cha chini cha kupikia. Obeid alizunguka nyumba nzima, akagusa kuta, akatazama boriti, kisha akasimama katika chumba kilichopakana na kiwanda, ule ua wa ndani ulio wazi juu.

"Hapa," alisema. "Moshi utatokea kiwandani, na boriti ziko juu, hazitashika moto."

"Hapa ndipo nipokeapo wageni," alijibu Mwanamkisi. "Sahani za mamangu zimo zidakani, kwenye hivi vishubaka vya ukuta. Zitaingia masizi."

Akampeleka nyuma, kwenye ghala alilowekea mchele na nazi. Obeid aliingia, akatoka.

"Hakuna dirisha humu, Bi Mwanamkisi. Makaa yakiwaka na mwango ukafungwa, yaua mtu."

"Hautafungwa."

"Haya. Nyumba ni yako."

Seredani mbili za makaa zikawekwa ghalani. Swafiya alifurahi tu kwamba hapandi ngazi tena.

Zilipita wiki kadhaa. Siku moja ya mvua Mwanamkisi aliwaalika wanawake wa mtaani kusoma maulidi. Swafiya alikuwa ghalani tangu asubuhi, na makaa yalikuwa yameloa umande, yakafuka. Harufu ikaingia chumbani kwa wageni. Bi Umulkheir, ambaye ulimi wake ulijulikana mji mzima, akajifunika pua kwa ncha ya leso. Mwanamkisi aliona. Aliinuka taratibu, akaenda hadi ghalani.

"Wifi, funga mwango. Moshi waingia kwa wageni."

Swafiya akaufunga mlango.

Maulidi yalikwisha, wali haukuja. Mwanamkisi aliita, akaita tena. Alipousukuma mlango alimkuta Swafiya ameanguka ubavu kando ya sufuria, midomo imelegea, leso yake imeanza kuungua ukingoni. Wanawake walimburuta hadi kiwandani, mvua ikamnyeshea usoni. Ilichukua muda mrefu kabla hajafumbua macho, na alipofumbua hakumjua aliyemshika kichwa.

"Lakini alifunga mwango kwa nini?" aliuliza Umulkheir.

Wote walimgeukia Mwanamkisi.

"Siyui," alisema. "Mimi sikumwambia."

Maneno yalitoka mepesi, kama mtu atemaye kokwa. Hakuna aliyeyatilia shaka.

Swafiya alipona, ila si kabisa. Kichwa kilimuuma jua likipanda. Alianza ukili, akafika katikati ya nakshi, akasimama, akavitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. Na ile siku yenyewe ilikuwa imemtoka kichwani. Alikumbuka kukuna nazi, basi.

Jioni moja alikuja kukaa karibu na Mwanamkisi.

"Wifi, niwie radhi. Wanambia nilijifungia kwa ujinga wangu nikakuaibisha mbele ya watu."

Hapo palikuwa mahali pa Mwanamkisi kusema kweli. Akasema, "Yamekwisha, wifi. Mungu amekunusuru."

Tangu hapo chakula kilimshinda. Alimnunulia Swafiya leso mpya, akamwekea mnofu wa samaki, akakataza asichote maji. Swafiya alishukuru kwa kila kitu, na kila shukrani ilimchoma. Kwenye sala alirefusha sijida, lakini alijua kwamba haki ya mja haiombwi msamaha kwa Mungu peke yake. Shurti aombwe mwenyewe.

Ilikuwa kwa Umulkheir, kwenye arusi ya mpwa wake, ndipo Mwanamkisi alipobanwa. Umulkheir alikuwa akimwasa bibi arusi mambo ya nyumba. "Na ukipika," alisema, "usiwe kama Swafiya, kujifungia na moto kama kuku." Watu wakacheka. Swafiya naye akacheka, kichwa chini.

"Ni mimi niliyemwambia afunge," alisema Mwanamkisi.

Kicheko kilikatika.

"Fundi Obeid alinionya kwamba makaa yaua. Nikaona sahani ni bora kuliko wifi yangu. Kisha niliwaambia nyinyi urongo."

Swafiya alichukua buibui lake akatoka. Njiani Mwanamkisi alimfuata nyuma, hakuthubutu kumsogelea. Walipofika mlangoni Swafiya aligeuka.

"Kufunga nakusamehe," alisema. "Hukujua litakalokuwa. Lakini nilikuja nikakuomba radhi, na wewe ukanitazama tu."

Siku ya pili alihamia mtaa wa Wiyoni kwa binamu yake Kulthum.

Mwanamkisi alimwita Obeid tena. Alitoa sahani zote zidakani, akatoa kitanda, akamwambia ajenge jiko pale karibu na kiwanda. Obeid alijenga bila kuuliza. Mwanamkisi mwenyewe akapika, akajiunguza, akaona plasta nyeupe ya babake ikigeuka kijivu, kisha nyeusi.

Baada ya Ramadhani Swafiya alirudi, kwa sababu nyumba ya Kulthum ilikuwa na watu wengi kuliko vyumba. Aliliangalia jiko, akasema, "Papumua hapa," akakaa akamenya vitunguu. Walipika pamoja miaka mingi. Hawakugombana. Lakini Swafiya alimwita Bi Mwanamkisi, si wifi, na mikeka yake aliisuka myeupe, bila nakshi.

Wageni wakija hupokewa ghalani, gizani, juu ya mkeka. Mgeni mpya akiuliza kwa nini, Mwanamkisi humweleza yote, na Swafiya yuko pale pale anasikia.