Simu Moja, Majirani Watatu

Naomba radhi mapema kwa mwandiko huu unaoinama na kwa maneno nitakayoyakosea. Shule niliiachia darasa la nane, na kalamu yangu huenda polepole. Mimi si mzee. Lakini ninyi wadogo zangu mnaoingia kwenye makundi ya kutengeneza programu, nimeona niwaandikie, maana nasaha niliyopewa na mzee ni nzuri mno kubaki na mtu mmoja.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ilitanguliwa na asubuhi nyingi za kusema uongo mdogo. Kampuni yetu ya Nyeri ilikuwa na mashine ya kukoboa mpunga kule Wang'uru, na ilitaka wakulima washike foleni kwa simu, waache kukaa langoni juu ya magunia. Mimi ndiye niliyekuwa naandika foleni hiyo kitabuni, kwa hiyo wakaniita niwasaidie wanaoandika programu.

Kila asubuhi tulisimama kwa duara. Otieno, kiongozi wetu, alimwuliza kila mtu: jana umefanya nini, leo unafanya nini, na nini kimekukwamisha? Wenzangu walijibu haraka, nusu Kiingereza. Zamu yangu ikifika, nilisema, "Niko sawa." Kisha kila mmoja alikwenda chumbani kwake: Kariuki anayechora kurasa za programu huku, waandishi wawili wa programu kule juu, mimi na Mumbua, msichana wa kujaribu programu, kando ya ngazi.

Nami sikuwa sawa. Tangu siku ya pili niliona kwamba programu inataka kila mkulima awe na namba yake ya simu. Langoni nilizoea kuona nyumba tatu zikitumia simu moja. Lakini nikajiambia, hawa wamesoma chuo kikuu, watakosaje kuliwaza hilo? Nikanyamaza wiki mbili.

Ndipo tukaenda Wang'uru kujaribu. Mama Njoki, mkulima mwenye mvi aliyechaguliwa na wenzake atuambie wanachotaka, akaandikisha magunia yake kumi na moja. Jirani yake akaazima simu ile ile, akaandikisha yake. Magunia ya Mama Njoki yakapotea kwenye foleni.

"Gunia zangu zimeenda wapi?" akauliza. Otieno akabonyeza, akabonyeza tena, hayakuonekana.

Mwenye kampuni alikuwa pale. "Nawapa wiki mbili," akasema. "Ikikataa tena, tunarudi kwa kitabu, na hii timu ninaivunja."

Mimi nilikuwa nikitazama viatu vyangu. Mama Njoki akanivuta kando.

"Wewe ulikuwa unajua."

"Ndiyo, Mama."

"Na ulisema?"

"Nilisema niko sawa."

"Ati uko sawa! Hata gunia zangu ziko sawa, ni vile tu hazionekani." Akanyoosha kidole kuelekea mashambani. "Mwanangu, sisi tukipanda mpunga tunasimama mstari mmoja kwa kamba. Mmoja akibaki nyuma, wa huku na wa huku wanampandia kidogo, na kamba haisongi mpaka wote tufike. Lakini tunamsaidia kwa sababu tunamwona. Wewe umejificha. Rudi useme. Ukiogopa, nitakuja nisimame karibu na wewe."

Na kweli Jumatatu alikuja Nyeri, kiondo begani, akaingia kwenye duara letu. Nikasema yote. Nilichukua muda mrefu, na hakuna aliyenikatiza.

"Kumbe!" Otieno akasema. "Na huyu tulimweka kwa ngazi afanye nini?"

Tukahamisha meza siku hiyo hiyo. Mchoraji, waandishi, Mumbua na mimi, wote meza moja. Tuliacha mengine yote tukashika hilo moja, simu moja kwa familia nyingi. Kufikia Jumatano nilikuwa na kitu cha kushika mkononi, foleni mpya ya majaribio kwenye simu. Mumbua alikiharibu kwa makusudi, na wenzetu wakakirekebisha tukitazama. Kila asubuhi Otieno alianza na mimi, na aliyesema "niko sawa" alipika chai ya wote. Mwandishi mmoja aliipika siku tatu mfululizo, tukamwita Mama Hoteli.

Wiki mbili zikaisha, tukarudi Wang'uru. Mama Njoki na majirani wawili wakaandikisha kwa simu moja. Majina yote matatu yakatokea. Mashine ikakoboa, wakaitwa mmoja mmoja kwa zamu, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka walinzi wakatoka nje. Mwenye kampuni akauliza ni nani aliyeliona tatizo.

"Ni mimi," nikasema kwa sauti. "Na nilichelewa kusema."

"Lakini amesema!" Mama Njoki akapaza sauti, na vigelegele vikaanza upya.

Kile kitabu cha foleni nilipewa nikihifadhi. Ndicho nilichowekea karatasi hii ninapoandika.

Basi, wadogo zangu, mkipewa kuongoza watu, msiwatenge kwa vyumba kulingana na kazi zao. Waketisheni pamoja wale wanaopaswa kumaliza kitu kimoja, na katikati yao awepo anayemjua mtu atakayekitumia. Nawe uliye mnyamavu kama mimi, kilichokukwamisha kiseme siku ile ile unayokiona, hata kwa maneno yaliyovunjika. Mungu awape sauti, na awape wenzenu wa kuwangoja mnapoitafuta.

Niandikieni mnijibu. Nitasoma polepole, lakini nitasoma yote, na mwandiko mbaya hapa haumtishi mtu.