Nyimbo Nilizozivua Kofia

Kwa miaka mingi niliandika programu bila kujua kwamba Kiswahili kinanidekeza. Kompyuta haijui herufi, inajua namba tu. Kila herufi unayoiona kwenye skrini ni namba iliyotafutiwa sura katika jedwali, na majedwali yako mengi, ya zamani na ya sasa. Ugomvi wao mkubwa uko kwenye herufi zenye madoido, zile za kofia na vistari juu. Herufi zetu sisi hazina madoido, kwa hiyo karibu kila jedwali limezipa namba zilezile. Mtu anayeandika Kiswahili anaweza kuzeeka kwenye kazi hii asikutane na tatizo, na mimi nilikuwa nazeeka hivyo, tena kwa maringo.

Maringo yenyewe nilikuwa na haki nayo. Ofisi yangu iko mtaa wa Ng'ambo, hapa Tabora, chumba kimoja kati ya fundi cherehani na muuza vipuri vya baiskeli. Humo ndimo nilimotengeneza laibrari, yaani furushi la vipande vya programu ambavyo wenzangu wanavichukua na kuvitumia katika kazi zao. Unaipa faili la zamani lililoandikwa kwa jedwali lolote, inakurudishia maandishi yanayosomeka leo. Walimu wa Nzega walikuwa wanaitumia kwa orodha za wanafunzi, wafugaji wa Ziba kwa daftari la chanjo ya ng'ombe.

Ndani yake niliweka hatua niliyoipenda kuliko zote, nikaiita safisha. Herufi ikishahamia jedwali jipya, kama bado ina kofia au kistari, safisha inaivua. Niliona hayo ni mapambo ya wageni tu. Watu wa Tabora ndivyo tulivyo. Mji umepokea lugha za watu tangu enzi za misafara, na mgeni akishapewa kiti na maji ya kunywa, kinachofuata ni kumnyoosha Kiswahili chake.

Asubuhi moja akaingia muuguzi kijana aliyepanga chumba mtaa wa Kitete.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Karibu."

Akaweka flashi mezani. Baba yake, akaniambia, ni katekista huko Ulyankulu, mtoto wa watu waliotoka Burundi. Uzeeni alitunga nyimbo kumi na nane kwa Kirundi, akazichapa kwenye kompyuta kuukuu ambayo sasa imekufa kabisa. Kabla hajaifundisha kwaya hata wimbo mmoja, kiharusi kikamchukua mkono wa kulia na maneno yote. Alikuwa anasikia na kuelewa, lakini sauti yake ilibaki mkoromo usiopanda wala kushuka. Na faili lenyewe, likifunguliwa kwenye kompyuta ya binti yake, lilijaa vialmasi vyeusi vyenye alama ya kuuliza ndani.

"Anataka azisikie," akasema. "Kila nikienda ananionyesha kifua chake, halafu ananionyesha kanisani. Dada, nakala ni hiyo tu."

"Hili tu?" nikamwambia. "Kaa hapo. Chai yako haitapoa."

Haikupoa kweli. Nililijua jedwali la zamani kwa kutazama namba mbili tatu, nikaendesha laibrari yangu, vialmasi vyote vikatoweka. Laibrari ikahifadhi faili jipya juu ya lile la zamani, kama nilivyoizoesha, maana nakala mbili za kitu kimoja mimi naziona uchafu. Nikachapisha kurasa zote, nikamkabidhi kama mtu anayegawa zawadi.

Alisoma akichezesha midomo, akaanza kuimba taratibu, akasimama. Akarudia. Akasimama tena palepale.

"Vistari viko wapi?"

"Vistari gani?"

"Vya juu ya herufi. Kwetu hakuna anayejua nota. Baba aliweka kistari panapopanda, kofia panapopanda na kushuka. Vistari hivyo ndio wimbo wenyewe. Haya ni maneno tu."

Nilimwomba anipe nusu saa, nikakichokonoa kile kiflashi kwa kila programu ya kufufua mafaili niliyokuwa nayo. Nilifufua picha za harusi ya mtu. Nyimbo hazikufufuka. Nakiri kwamba kwa dakika kadhaa nilikuwa nimeshaandaa uongo wangu vizuri: flashi ilikuwa na virusi, pole sana mdogo wangu, ndiyo mambo ya kompyuta. Angeniamini. Kilichonishinda ni kumwona anazipanga zile karatasi sawasawa, pembe kwa pembe.

"Nimevifuta mimi," nikasema. "Vilikuwemo. Laibrari yangu ilivisoma vyote, halafu ikavivua kwa sababu niliiagiza."

Akasema kwa sauti ya chini, "Bora ungeviacha vile vialmasi."

Alisema kweli. Ndani ya vialmasi namba zilikuwa salama, zinasubiri jedwali lao. Katika usafi wangu hapakuwa na kitu kinachosubiri.

"Mzee anasikia vizuri?" nikauliza.

"Kuliko mimi."

"Basi twende kwake."

Jumamosi tukaenda Ulyankulu. Mzee alikuwa amekaa uani, kivulini mwa nyumba, mkono wa kushoto juu ya paja. Nikapiga magoti. "Shikamoo mzee. Mimi ndiye niliyefuta alama zako." Akamwonyesha binti yake zile karatasi kwa kidevu.

Kazi tuliifanya hivi. Binti alijaribu mstari kwa kufuata jinsi Kirundi kinavyosemwa kwao nyumbani. Akikosea, mzee alijipiga paja kwa kiganja, pa! Binti alirudia akipandisha hapa, akishusha pale, mpaka mkono utulie. Ukitulia, mimi nachapa kistari kwenye kompyuta niliyoipakata. Wimbo wa kwanza ulitumalizia asubuhi nzima na nilikuwa na hasira, nusu na nafsi yangu, nusu na lugha yenye milima mingi namna ile. Safari ya pili, wiki iliyofuata, masikio yangu yakaanza kufunguka. Nikasema, "Hapa nadhani panapanda." Binti akapandisha, mkono ukatulia, na mimi mtu mzima nikapiga kelele kama nimeshinda bahati nasibu.

Kwa Jumamosi tano tulipata nyimbo kumi na tano. Tatu zilitushinda. Kila tulichojaribu alikipigia paja, pa, pa, pa, mpaka binti akaanza kulia na mzee akageuzia uso ukutani. Tukafunga kazi.

Laibrari niliifungua siku hiyohiyo niliporudi mjini. Sasa haivui kitu mpaka uiombe, na haigusi faili la asili hata ukiiomba. Wanaoitumia walilalamika kwamba inajaza takataka. Niliwaambia waseme wanavyotaka, sirudishi.

Kwaya ilijifunza kwa zile karatasi zenye vistari, vijana waliozaliwa hapahapa ambao Kirundi chao ni cha mezani nyumbani tu. Siku ya kumwimbia mzee walipanga mstari uani kwake. Mimi sikusikiliza sana. Nilikuwa nautazama ule mkono wa kushoto. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili, wa saba, na kila palipo na mlima nilikuwa nabana pumzi. Mkono umetulia. Wakamaliza wa kumi na tano, na hakuwa amejipiga hata mara moja. Machozi yalikuwa yanamshuka upande mmoja wa uso, ule unaohisi. Watu wakapiga makofi, nikasimama nijiandae kuaga, begi la kompyuta begani.

Mzee akanitazama mimi, si binti yake, akainua mkono na kunyoosha vidole vitatu.

Nikavua viatu, nikakaa mkekani, nikafungua kompyuta.