Pazia la Kanga na Santuri za Baba

Matobolwa yakichemka hutoa harufu ya utamu uliochanganyika na vumbi la jua, na kila niipatapo harufu hiyo, hata sasa nikiwa mtu mzima, hutazama nyuma ya mlango kabla sijakumbuka kwa nini. Kwa msomaji asiyetoka pande zetu za Tabora, nieleze kwamba ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande, vikaanikwa mpaka vikawa vigumu vya kumng'oa meno mwenye haraka. Ukitaka kuvila unavirudisha kwenye chungu, vinalainika, unavitafuna kwa karanga. Ni chakula kisichomsumbua mpishi, ndiyo maana mama alikichagua siku alipokaribisha watu nyumbani kwetu Gongoni waje kusikiliza santuri. Majirani waliosikia kwa mbali walidhani ni starehe tu. Mimi nilijua kwamba bibi yangu alikuwa amekuja kumchukua mama.

Baba alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma. Alirudi mzima wa viungo, akarudishiwa kazi yake ya reli, na alikuja na gramafoni, sanduku jeusi lenye mpini wa kuzungushia, pamoja na santuri alizozifunga ndani ya blanketi la jeshi. Ambacho hakurudi nacho ni maneno. Ukimsalimu aliitikia kwa sauti ndogo, akitaka maji ya kuoga aliashiria ndoo, na zaidi ya hapo hukupata kitu. Jioni aliketi mbele ya lile sanduku bila kulifungua. Mama alijaribu kila njia. Alimpikia alivyovipenda zamani, akanuna, akajisemesha peke yake kutwa nzima akitumaini atadakia, na mwishowe akachoka. Habari zikafika kwao Sikonge.

Bibi mzaa mama alikuja amekaa kwenye kariya ya baiskeli ya mjomba Petro, kwenye ile barabara ya mchanga, kibuyu cha asali mapajani na kitabu chake cha nyimbo za kanisa kwapani. Alikuwa Mmoraviani asiye na mzaha. Lakini alikuwa Mnyamwezi pia, na kwetu mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni, hawali pamoja wala hawazungumzi. Wakikutana njiani mmoja huingia nyasini mwenzake apite. Kwa hiyo hakuweza kulala kwetu. Alifikia nyumba ya pili, kwa Bi Zuwena, mke wa mwenye duka, ambaye babu zake walitoka Omani wakifuata biashara ya misafara. Waliishi vizuri ajabu, kila mmoja na sala zake, wakikubaliana kabisa juu ya kiasi cha sukari kinachofaa kwenye chai.

Mjomba ndiye aliyeleta ujumbe wake kwa baba. Bibi anasema nyumba isiyo na maneno si nyumba, na anamrudisha binti yake kwao. Baba aliinamisha kichwa kuonyesha amesikia, akatoka kwenda kazini. Mama akafunga mzigo wake ndani ya kanga, akauweka nyuma ya mlango. Nami hakuna aliyehitaji kunieleza zaidi, kwa sababu kwetu mtoto ni wa upande wa baba. Mama angekwenda Sikonge, mimi ningebaki Gongoni na yule mtu asiyesema. Kila nilipopata nafasi nilikwenda kuukalia ule mzigo, kwa mawazo yangu kwamba mzigo uliokaliwa hauwezi kubebwa.

Ghafla ikatangazwa kwamba kabla ya safari kutakuwa na santuri. Sikujua wazo limetoka kwa nani. Nilidhani ni la baba, na kwa mara ya kwanza tangu arudi nilimpenda.

Kulikuwa na kazi ya kuwapanga watu. Mama alitundika kanga kwenye mlango wa kutokea uani, gramafoni ikawekwa juu ya kigoda pale pale kizingitini. Wanaume wakakaa chumbani na baba: mjomba Petro na wenzake wawili watatu wa reli. Wanawake wakatandika mikeka uani, bibi akapewa nafasi iliyo karibu kabisa na pazia, amelipa mgongo. Mtoto hana ukwe na mtu, hivyo mimi nilijibanza kwenye upenyo wa kanga nikawa naona pande zote mbili.

Matobolwa yakapita, karanga zikapita, chai ikamiminwa. Bibi aliwekewa sahani yake mbele na hakuigusa. Kila mwanamke pale uani alielewa: mzazi aliyekuja kudai binti yake hali kwenye nyumba hiyo mpaka shauri liishe. Basi wakawa wanatafuna huku macho yote yako kwenye ile sahani. Bi Zuwena, ambaye hakuwahi kuupenda ukimya, alisifia karanga, akasifia kanga, akasifia hata kuku aliyekuwa akipita.

Santuri ya kwanza ilikuwa ya dansi, magitaa mepesi, na mabega ya wanawake yalianza kucheza yenyewe kabla hawajakumbuka walichojia na kuyatuliza. Ya pili ilikuwa ya lugha ya mbali ambayo hakuna aliyeifahamu. Wimbo ukiisha, sindano ilikwaruza, kisha kukawa kimya, na katika kimya hicho bibi aligeuza sikio kuelekea pazia, akangoja. Baba alibadilisha santuri tu. Mama aliinamisha uso. Blanketi la jeshi lilizidi kunywea, na kwa kila santuri iliyokwisha nilimwona mama akisogea karibu zaidi na Sikonge. Nilitamani kumpiga baba. Nilitamani aseme chochote, hata atukane.

Ikabaki ya mwisho. Mjomba Petro, aliyejihesabu fundi kwa sababu alijua kuziba pancha, alimwonea baba huruma akaushika mpini yeye. Alikaza, akakaza, na wimbo ulipokuwa umefika katikati akaongeza tena kidogo ili mambo yawe mazuri zaidi. Kitu kikakatika ndani ya sanduku. Sauti ya mwimbaji ikazama, ikawa nzito na ya taratibu, ikafa. Hakuna aliyecheka. Mjomba alibaki ameshika mpini akiutazama.

Nilijua baba atainuka aondoke, kama ilivyokuwa kawaida yake. Badala yake aliweka kiganja juu ya santuri iliyosimama, akaitazama kanga, akasema:

"Shikamoo, mama."

Wanawake wakaacha kutafuna. Bibi hakugeuka. Aliikodolea macho mikono yake, akajibu, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Marahaba."

Ndipo baba akasema, polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Alisema sanduku lile lilikuwa la mwenzake, Mnyamwezi wa Goweko, waliyeahidiana kwamba atakayerudi atalichukua. Alisema kule porini walikatazwa kutoa sauti, kwa sababu adui alipiga risasi kufuata sauti.

"Siku moja tulipotezana vichakani, akaniita kwa jina," alisema. "Nikamwitika. Risasi ikafuata sauti yangu, ikampata yeye aliyekuwa anakuja kwangu. Sijamchoka mwanao, mama. Nikitaka kumwita, ulimi unakataa."

Mama alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya upande wake wa kanga. Mwaka mzima alikuwa amelala kando ya mtu huyu, na hilo alikuwa analisikia pamoja na majirani. Bibi alifuta viganja vyake kwenye magoti. Kisha akasema, bila kumwelekea yeyote:

"Mwambieni amwite sasa."

Hapakuwa na haja ya kumwambia, alikuwa amesikia. Nilimwona kwenye upenyo, jasho likimtoka, akifungua mdomo na kuufunga. Mjomba Petro alimwekea mkono begani. Hatimaye sauti ikatoka, imekwaruza, kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Mama Nyamizi."

Nyamizi ni mimi. Nilikuwa sijalisikia jina langu kinywani mwake tangu nikiwa mchanga.

"Abee," mama akaitika.

Hakuna kilichofuata sauti ile. Kuku walikuwa wanadonoa maganda ya karanga. Bibi akavuta sahani yake, akachukua kipande cha tobolwa, akaanza kutafuna, na Bi Zuwena akaangua kilio ambacho mwenyewe alikisingizia moshi.

Bibi aliondoka kesho yake na mjomba, mama akabaki. Miaka ilipita kabla mama hajaniambia kwamba santuri zile zilikuwa agizo la bibi mwenyewe, na kwamba hata kanga iliagizwa itundikwe mahali gani. Babu yangu, mzao wa wapagazi walioimba njia nzima kwenda pwani na kurudi, alichukuliwa kubeba mizigo katika vita vya Wajerumani, akarudi haimbi. Bibi aliishi naye hivyo, akiona ni adabu kutomuuliza, mpaka akamzika. Desturi ilimkataza kumuuliza mkwewe. Haikumkataza kukaa nyuma ya kitambaa na kungoja, na baba, ambaye asingeweza kusema akimtazama mkewe machoni, aliweza kukiambia kitambaa.

Baba hakuwa msemaji hata baada ya hapo. Lakini kila siku alipotoka kazini alimwita mama kuanzia mlangoni, kabla hajavua viatu, na mama popote alipokuwa aliitika. Aliitika akiwa na hasira naye, aliitika mdomo umejaa chakula, aliitika akiwa kitandani mgonjwa, sauti haifiki hata dirishani. Nilikua nikidhani ni heshima ya mke kwa mumewe, na wakati mwingine ilinikera. Nilikuwa na nyumba yangu mwenyewe ndipo nilipoelewa kwamba kila jioni mama alikuwa anamwambia baba: umeniita, na bado niko hai.