Alichinjiwa kuku kwa mama wa mchumba wangu

Ukurasa huu wa ushauri umeniahidi kuficha jina langu, kwa hiyo nitasema yote. Nina miaka ishirini na saba, ninakaa Mudzipela, hapa Bunia, na ninafanya kazi katika ofisi ya serikali ya elimu. Mimi ndiye ninayetunza pesa za safari za kazi. Anayetumwa kukagua shule au kufundisha walimu hupita kwangu kuchukua nauli, chakula na malazi. Mimi mwenyewe sisafiri.

Kuna mkaguzi mmoja, tumwite Daniel. Ni mwaka wa pili tuko pamoja, na ofisini hakuna anayejua. Mkubwa wetu akisikia kwamba ninamlipa mchumba wangu, ataniondoa kwenye pesa. Daniel alisema tunyamaze mpaka atakapokuja kwa wazazi wangu. Mama yake anakaa Mambasa. Kila nikimwomba anipeleke nimsalimie, anajibu, "Mama iko mugonjwa. Ngoja kidogo."

Sasa kuna Furaha, tunayefanya naye kazi chumba kimoja. Ni mdogo wangu kwa umri, ananiita yaya, yaani dada mkubwa, na ninampenda. Hakuna anayemshinda kufundisha walimu wa darasa la kwanza, ndiyo maana mwezi uliopita alitumwa pamoja na Daniel mpaka Nia-Nia, mbele ya Mambasa. Kwetu mtu harudi safari mikono mitupu. Daniel alishusha makemba, zile ndizi za kupika, akagawia ofisi nzima. Mimi nilipata chane moja, sawa na mlinzi wa mlangoni. Nikajiambia, ni siri yetu, akinizidishia watashuku. Jioni ile niliyapika nikiimba.

Kesho yake Furaha akaja na chupa ya asali.

"Yaya, onja. Nilipewa na mama ya Daniel."

"Mama ya nani?"

"Ya Daniel! Tulilala kwake Mambasa. Alinichinjia kuku, yaya! Akasema, 'Mutoto, weye unajua kula, utajua na kupika.'" Akacheka mpaka akajifunika uso. "Miye naona ule mutu ananipenda. Weye unaonaje?"

"Kwani mama hakuwa mugonjwa?"

"Mugonjwa gani? Alitwanga majani ya pondu yeye mwenyewe, akatushinda nguvu!"

Nilionja ile asali. Ilikuwa tamu, nami nilitaka iwe chungu. Pesa za malazi ya Mambasa nilizitoa mimi, kwa mkono wangu. Ni mimi niliyemsafirisha mwenzangu kwenda kwa mama mkwe wangu.

Nilimuuliza Daniel. Akasema, "Weye nawe! Nyumba za wageni zilikuwa zimejaa. Kulala kwa mama ni kosa?"

"Na kuku?"

"Mugeni anachinjiwa kuku. Ulitaka nimukataze mama?"

Huenda ni kweli, huenda hata mama alishapona, na hapo ndipo ninapoteseka. Angenidanganya waziwazi, ningemwacha.

Ijumaa mkubwa aliniita. Pesa zimepungua, safari ijayo ya Nia-Nia wataenda wawili badala ya watatu. "Daniel lazima aende. Kati ya Furaha na papa Yusufu, utaniambia nani abaki." Papa Yusufu anakaribia kustaafu, darasa la kwanza hajawahi kulifundisha. Nikimbakiza Furaha, hakuna atakayeshangaa, nitasema tumheshimu mzee. Lakini walimu watakaotoka mbali kuja kujifunza watarudi kama walivyokuja. Nikisema Furaha aende, nitampa pesa mkononi, ataniambia "Aksanti, yaya," na watapita tena Mambasa. Nikisema ukweli, napoteza nafasi yangu, na pengine nagundua kwamba sikuwahi kuwa na mchumba.

Furaha hajui kwamba kuna hatari ya kubaki. Jana aliniuliza ampelekee yule mama zawadi gani. Nikamwambia kitenge cha kijani, kwa sababu Daniel aliwahi kuniambia mama yake anapenda kijani.

Jumatatu mkubwa anataka jibu. Ninyi mnaosoma, dada na mama zangu, nishaurini: nimpe jina la nani?