Insha Zinazopiga Hodi

Mwalimu Semeni akisahihisha insha, ofisi nzima ya walimu hunyamaza. Si kwa heshima, ni kwa woga.

"Huyu bado yuko mlangoni anapiga hodi!" hufoka. "Ukurasa wa pili huu, ndani hajaingia!"

Mimi Ernesti, Mbondei wa Muheza, mwalimu wa jiografia, hucheka mpaka anirushie chaki. Watu wa pwani hawa, jambo halisemwi mpaka uulizwe hali, wazee, watoto na mvua. Sasa hata insha ya maelezo wanaiandika hivyo hivyo!

Aliyemkosesha raha hasa ni Tausi wa Tongoni, mke wa mtu, anayekuja mjini jioni kusoma na wanaorudia mtihani wa kidato cha nne. Anautaka uuguzi, na kichwa anacho. Alipoambiwa aeleze namna ya kuzuia malaria, alimshukuru Mola, akawashukuru wazazi na walimu, akaisifu afya, muda ukaisha. Mbu hajatajwa! Nilitamani kulia.

Semeni hajui kukata tamaa. Akafuta ubao. "Msikitini wakitangaza msiba, wanaanza na nini?"

"Nani kafariki," wakajibu.

"Kisha?"

"Wa ukoo gani, anakaa wapi, maziko saa ngapi."

"Kuna anayeanza kusifia hali ya hewa?" Wakacheka. "Basi kabla ya kuandika, pangeni hivyo. Jambo lenyewe kwanza, kwa sentensi moja. Halafu hoja, kila moja na aya yake na mfano wake. Ukimaliza, funga, ondoka."

Aliwarudishia kazi, wakaandika upya, akawarudishia tena. Wengine walinuna. Tausi hakununa, na hatimaye akawa anaanza na mbu.

Mara tukasikia anahamishwa. Mumewe, Tahiri, kapata kazi kwenye mashamba ya chumvi kule Mkwaja, na mama mkwe, Bimdogo, kaamua mke amfuate mara moja, kabla ya mtihani. Semeni akajitanda mtandio. "Ernesti, twende Tongoni. Huyu haendi popote."

Tukafika, shikamoo, marahaba, Bimdogo akatukaribisha mkekani. Semeni akauliza hali. Akausifu mkeka. Kahawa ikaja, kashata zikaja, marehemu baba mkwe akaombewa dua. Nikamfinya. Akanikata jicho, akaulizia mihogo. Wallahi, mwalimu mzima kashindwa kuingia kwenye mada! Hasira zilinipanda.

Tausi alikuwa anakusanya vikombe. Akaviweka chini.

"Mama, naomba nisihamie Mkwaja kabla ya mtihani wangu. Kwanza, umebaki mwezi mmoja, nami nimejiandaa. Pili, kule sina mwalimu wa kunisahihisha. Tatu, nikifaulu nitasomea uuguzi, na hapa kijijini watu wanahangaika. Wewe mwenyewe kupima presha tu unafunga safari mpaka mjini. Nikishafanya mtihani, Mkwaja nitakwenda. Ni hilo tu, mama."

Alifika mwisho, akafunga. Semeni kashika shavu. Nikajua tumeharibu; mama mkwe haambiwi jambo kavukavu hivyo, tena mbele ya wageni.

Bimdogo akamgeukia mkwewe.

"Mtihani gani?"

Tausi akainamisha kichwa. "Wa kidato cha nne, mama. Jioni huwa nakwenda kusoma. Nilimwachia Tahiri akueleze."

"Tahiri hajanieleza kitu."

"Nami niliona haya kukuambia."

Yule mama akavuta ncha ya kanga, akajifuta macho.

"Kasome. Mkwaja nitakwenda mimi nikampikie mwanangu mpaka umalize." Kisha akaongeza, taratibu, "Kila jioni unaniaga unafika mjini, Tausi, nami nakaa humu peke yangu. Nilidhani unanikimbia. Ndiyo maana nikasema bora uende kwa mumeo."