Kuisifia Mara ya Pili

Mimi wivu ninao, sikatai. Lakini kuonea wivu picha, tena ya kijiji cha Romania! Hilo hata mwenyewe sikulitegemea.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikimtunza bibi mmoja wa Kiromania huku ng'ambo, mtaa wa Annandale. Mimi asubuhi, shoga yangu wa Mombasa mchana hadi jioni. Juu ya kochi la bibi ilitundikwa picha ya kuchorwa kwa rangi ambayo baba yake aliinunua kwao, kati ya vile vita vikuu viwili. Kijiji cha pwani cha watu wanyonge: vijumba vya udongo vilivyopakwa chokaa, mnara mfupi wa msikiti, wanawake wawili wamejitanda, wanateremka na ndoo. Bahari yenyewe ufito tu wa buluu. Bibi alisema hao ni Watatari, Waislamu wa nchini kwake. Mimi yule wa kushoto nilimwona mama yangu hasa, anavyolalia upande wa ndoo. Kwetu Makunduchi tupu!

Miaka mitatu niliifuta vumbi, sikusema neno. Mama alinifunza kwamba kitu cha mtu unakisifia mara moja tu. Ukikisifia mara ya pili umekiomba, na mwenyewe hana budi kukwambia chukua. Basi nikameza mate, nikafuta.

Shoga yangu, wapi! Kila akiingia ni kuisifia tu kwa Kiingereza chake cha mbio, picha hii nzuri, picha hii mashallah. Naye ni mwana wa pwani kama mimi, adabu hiyo anaijua! Siku bibi alipohamia kwa mwanawe, mimi nilipewa seti ya vikombe. Picha akapewa yeye.

Nilivimba mwezi mzima, simu zake sipokei. Mwishowe nikaenda kwake Adelphi. Akanikaribisha kwa furaha, akaniandalia chai na mahamri, na picha hiyo hapo, juu ya televisheni. Wallahi roho iliniuma.

"Picha nzuri," nikasema.

"Alhamdulillahi."

Nikanywa chai. Nikamtazama usoni. "Yaani hii picha ni nzuri kweli."

Akaacha kutafuna. Alielewa. Akapanda juu ya kiti, akaitungua, akaipangusa kwa mtandio wake.

"Chukua, shoga. Lakini niambie. Miaka yote ile ulikuwa waitaka, mbona hukumwambia bibi?"

"Adabu," nikajibu.

Akaniwekea picha mapajani. "Bibi wa watu ulimwonea haya. Mimi rafiki yako, mbona hukunionea?"

Chai niliiacha nusu, nikaibeba picha, nikaenda kungoja basi.