Kamba za Hamira Hazishindani

Siku ya wazazi, shuleni kwetu Mhunze, chumba kimoja kilikuwa kinagombewa: kiwe ghala la mahindi au maabara. Mkuu wa shule akaamua wazazi wapige kura baada ya kutazama somo moja la biolojia. Somo hilo lilikuwa langu.

Nilichagua hamira kwa sababu kila nyumba hapa inaijua. Niliwaeleza kwamba seli ya hamira, kabla ya kugawanyika, hunakili kromosomu zake, zile zinazobeba maelekezo ya uhai. Nakala hukaa zimeshikana kama mapacha. Kutoka ncha mbili za kiini hutoka nyuzi, na kila pacha hushikwa na uzi wa upande wake. Seli haiwaachanishi mpaka kila jozi ikazwe pande zote mbili.

Tukatoka uwanjani. Wanafunzi wakashikana mikono wawili wawili, kila mmoja na kamba ya katani kiunoni. Wazazi nikawagawa makundi mawili washike ncha za kamba.

Hapo nilijisahau. Msukuma ukimgawia upande, ameshaona mashindano.

"Sisi Bagika!" akapaza sauti baba mmoja wa upande wa kushoto, akitaja moja ya makundi mawili ya ngoma za Kisukuma yanayoshindana tangu enzi za mababu.

"Na sisi Bagalu!" wakajibu wa ng'ambo kwa jina la wapinzani wao.

Vumbi likatimka. Upande wa kushoto ukaburuta mapacha wote, jozi nzima nzima, huku wakishangilia.

"Tumeshinda, mwalimu!"

"Baba, seli ya kulia haijapata kitu. Imekufa," nikamwambia.

"Hao watoto wa watu," mama mmoja akamfokea huku akicheka, "siyo ng'ombe wa plau!"

Tukaanza upya. Nikawaomba wakaze tu, asishinde mtu. Kamba zikanyooka, jozi zikasimama katikati. Nikavuta pumzi niamuru waachane.

"Subiri, mwalimu!" Ni yule baba wa Bagika. "Ile jozi ya mwisho inakuja kwetu yote."

Kweli, kamba zake mbili zilikuwa upande mmoja. Akaenda mwenyewe, akachukua moja akaipeleka kwa Bagalu, akawakabidhi bila kinyongo. Kamba ikakaza.

"Haya, sasa!" nikaamuru.

Mikono ikaachana. Pacha mmoja huku, mwenzake kule, hakuna aliyebaki. Vigelegele vikapigwa mpaka ng'ombe wa jirani wakageuka.

Kura ikapigwa palepale kwa kunyoosha mikono. Maabara ikapita. Yule baba alinyoosha yote miwili.

"Mzee, mkono mmoja," mkuu wa shule akamwambia.

"Huu ni wa mke wangu. Amebaki na mifugo."